Betri ya Nyumba ya Msiba

Jioni ile Isidori alimuaga Mzee Wolfgang kwamba anashuka kijijini kutafuta maziwa. Mkononi alishika kidumu, ni kweli. Lakini begani alikuwa na gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na betri iliyokufa.

Sasa sikiliza jinsi mtu mzima anavyojichimbia shimo.

Isidori alikuwa dereva wa gari la kambi, yale magari yenye kitanda, jiko dogo na friji, ambayo wageni hukodi wakalale popote wanapotaka. Gari la namna hiyo lina betri mbili. Moja ni ya kuwashia injini, hiyo huigusi, ukiimaliza asubuhi mnasukuma. Ya pili ndiyo inayobeba usiku: taa, friji, simu. Mzee Wolfgang, mkandarasi mstaafu aliyehamia Arusha zamani, alilikodi ili alale usiku mmoja kwenye kiwanja alichozaliwa, juu kabisa ya kijiji cha Endasak, kabla ndugu zake hawajakiuza. Nyumba ya wazazi wake ilishaanguka. Nguzo za umeme zinaishia mbali huko chini.

Mzee alikuwa na sharti moja tu.

"Mimi nikilala pumzi inakatika," alimwambia asubuhi kabla hawajaondoka, akimwonyesha mashine ndogo yenye mpira na kofia ya puani. "Hii ndiyo inanisukumia hewa usiku kucha. Bila umeme silali. Betri imejaa?"

"Imejaa, Mzee."

Haikujaa. Usiku uliotangulia Isidori aliunganisha televisheni kwenye betri hiyo, akawawekea vijana wa mtaani mpira, halafu muziki, halafu mpira wa marudio, mpaka betri ikasema basi. Akajipa moyo kwamba paneli iliyoko juu ya gari ingeijaza njiani. Jua la wapi? Siku nzima mlima Hanang ulijifunika, na ukungu ukashuka hadi kwenye mahindi.

Angeweza kusema. Mji wa Katesh si mbali, gesti zipo na umeme upo. Lakini Mzee angempigia simu mwenye gari, na mwenye gari alishamsamehe mara moja, akamwambia mara ya pili asilete hata salamu. Isidori akaogopa aibu. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, ila nani huwakumbuka wahenga akiwa na betri tupu?

Alichokumbuka yeye ni nyumba ya mama mdogo Genoveva, pale chini kijijini.

Baba mdogo Nikolausi, mdogo wake baba yake Isidori, alikuwa amezikwa majuzi pembeni ya shamba lake la maharage. Na katika ukoo ule, mume akifariki, taa huwekwa kwenye dirisha linalotazama njia, kila usiku, mpaka msiba uanuliwe. Wanasema marehemu anarudi kuaga. Anakuja polepole, na haoni vizuri, kwa hiyo awekewe taa aijue nyumba yake. Katika siku hizo hakuna moto unaotoka nyumba ile. Si kaa la jikoni, si njiti ya kiberiti. Jirani akiishiwa, atakwenda kwingine hata kama ni mbali. Katekista analijua jambo hili, na likitajwa hutazama pembeni.

Zamani taa ilikuwa ya mafuta. Siku hizi ni ya sola, na betri yake ilikaa kwenye sanduku la mbao barazani, chini ya dirisha.

Isidori alijiambia betri si moto. Betri ni betri. Alijiambia ni usiku mmoja tu, na kwamba anamsaidia mgonjwa. Mtu akitaka kuiba hukosi kumsikia akihubiri.

Alipofika kulikuwa na giza jembamba. Ndani wanawake walikuwa wanasali rozari. Akapiga magoti kwenye baraza, akatoa spana, akalegeza vichwa vya betri ya sola, akaitoa, akaweka ile yake iliyokufa. Ukubwa ule ule. Nani angejua?

Taa ya dirishani ilipepesa. Ikarudi, lakini nyekundu, dhaifu.

Rozari ikasimama.

"Taa imekuwaje?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo.

"Ukungu tu, Mama. Paneli haikupata jua," akajibu mwingine.

"Na leo ndio usiku wa mwisho," mama mdogo akasema.

Isidori aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Angeweza kuirudisha betri pale pale, spana ilikuwa bado kiganjani. Akafunga gunia, akapanda mlima.

"Maziwa?" Mzee Wolfgang alimuuliza.

"Yameisha, Mzee."

Akaunganisha betri. Mashine ikawaka taa yake ya buluu, na juu ya mlango wa gari balbu ndogo ikang'aa kuliko siku zote. Mzee akavaa kofia yake puani, akamshukuru, akamwita mwanangu. Hilo neno lilimchoma Isidori. Akaenda kujilaza kiti cha mbele, akajifunika blanketi mpaka masikioni.

Fuuu... shiii. Fuuu... shiii. Mashine ilikuwa inapumua kwa niaba ya Mzee.

Ukungu uliziba vioo vyote. Kijijini mbwa walibweka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Ndipo Isidori alipofumbua macho.

Harufu ilitangulia. Udongo mbichi, kama uliochimbwa leo. Halafu ugoro.

Baba mdogo Nikolausi alivuta ugoro maisha yake yote.

Kisha fimbo. Ko... ko... juu ya mawe. Miguu mitupu ikiburuzwa kwenye majani yenye umande. Ilizunguka gari mara moja, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoizoea. Ikasimama chini ya balbu.

"Hodi."

Isidori alijikunyata chini ya blanketi.

"Hodi... Genoveva."

Kwenye kioo cha pembeni palikuwa na kivuli cha mtu mrefu, na shuka begani. Kiganja kiligusa kioo. Hakikuacha joto lolote pale. Kiliacha tope.

"Taa ni yangu," sauti ikanong'ona. "Nyumba si yangu."

Isidori aliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Sauti ile haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mzee aliyepotea njia.

"Nani yuko humo?"

"Ni mimi... Isidori, Baba mdogo." Akanong'ona naye, asimwamshe Mzee. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani ni wapi?"

"Chini. Fuata njia, ukivuka korongo, kwenye ile miti."

"Sioni."

"Ni karibu tu, Baba mdogo."

"Huko ni giza tupu. Naona hapa pekee. Chukua taa unipeleke."

Hapo ndipo pa kumhukumu Isidori, si kwenye spana. Maana Mzee Wolfgang alihitaji mashine akiwa amelala tu. Mtu aliye macho anapumua mwenyewe. Ilikuwa kumgusa bega na kusema, Mzee, amka, ukae macho kidogo, nimekosa, nina kitu cha watu nakirudisha. Basi. Mzee angegomba, angepiga simu, na kazi ingekwisha. Hakuna ambaye angekufa.

Isidori alinyoosha mkono nyuma, mpaka karibu na bega la Mzee. Aliona namna alivyolala vizuri. Akafikiria swali ambalo lingefuata: betri ya nani?

Akarudisha mkono.

"Siwezi, Baba mdogo. Nina mgonjwa."

Fuuu... shiii. Harufu ya ugoro ilijaa gari zima, na Mzee alikohoa usingizini.

"Basi utamwambia," sauti ikasema. "Mwambie Genoveva sina neno naye. Asijisumbue. Sina neno."

"Nitamwambia."

"Umwambie kesho."

Fimbo ikaanza tena. Ko... ko... Isidori alifuta kioo na kiganja atazame. Kijiji kiko chini, na njia inateremka. Sauti ya fimbo ilikuwa inapanda, inaelekea juu mlimani kwenye msitu, mahali ambapo hakuna nyumba ya mtu.

Hakumwita arudi.

Alfajiri, Mzee akiwa bado amelala na ukungu umepungua, Isidori alichukua gunia na kidumu. Mashine aliiunganisha kwenye betri ya injini kwa muda ule mfupi. Ndiyo, jambo hilo liliwezekana. Lingeweza kufanyika usiku pia, kwa muda wa kushuka na kupanda, na alikuja kulifikiria asubuhi.

Barazani hapakuwa na mtu. Akabadilisha betri haraka. Alikuwa anafunika sanduku mlango ulipofunguka.

Mama mdogo Genoveva hakuonekana kama mtu aliyelala. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na macho yamevimba.

"Shikamoo, Mama mdogo. Nilikuja... nilikuwa natafuta maziwa."

"Marahaba. Karibu." Hakuangalia hata gunia. Alikaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha. "Baba yako mdogo hakuja."

Isidori alisukuma gunia nyuma ya mguu wake.

"Siku zote nimemsikia. Anafika pale kwenye mti, anakohoa, anaondoka, kumbe anasubiri siku yake ya kuaga. Jana taa ikazimika, na hakuja." Alizungumza polepole, bila kulia. "Asubuhi ile alipoanguka tulikuwa tumegombana. Nilimnyima uji. Nikamwambia akaunywe kwa hao anaokunywa nao pombe. Akatoka bila kitu tumboni, akaanguka shambani. Nilikuwa namngoja nimwombe msamaha, Isidori. Amekataa kuupokea. Ameizima taa yangu."

Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi wa Isidori. Sina neno naye. Maneno matatu tu. Lakini ukiyatoa hayo, lazima useme uliyasikia wapi, na kwa nini marehemu alikwenda huko badala ya kuja huku.

"Labda ni betri tu, Mama mdogo," akasema. "Zinazeeka."

Mama mdogo aliinuka. Akaingia ndani, akabonyeza swichi. Taa ya dirishani ikawaka nyeupe, safi, mchana kweupe.

"Betri nzima," alisema. Akaizima, akaitoa dirishani, na kuanzia siku hiyo hakuiwasha tena.

Mzee Wolfgang alimsifu sana kwa mwenye gari. Dereva mwaminifu, alisema, usiku kucha sikukosa hewa. Kazi ya Isidori ipo mpaka leo.

Mama mdogo naye yupo. Hanywi uji. Wakimletea anausogeza pembeni na kusema mwenye uji wake hajaunywa. Amekonda hadi pete ya ndoa inamvuka kidoleni, na wanawe wamempeleka hospitali ya Haydom, ambako hawakuona ugonjwa. Isidori huenda kumsalimu. Hukaa, hunywa maji, huangalia mikono yake, huaga.

Usiku, popote anapoegesha gari, anazima kila taa asionekane kwa mbali. Haisaidii. Ugoro hutangulia, halafu fimbo, ikishuka taratibu kutoka upande wa mlima, hata pale ambapo hakuna mlima. Inasimama mlangoni. Siku hizi haipigi hodi.

"Umemwambia?"

Isidori hujifunika blanketi, hujibu kwa kunong'ona, kila mara jibu lile lile.

"Kesho, Baba mdogo."