Yai la Kamanda

Watu wengi hudhani uchawi ni mali ya wanyonge, wenye vibanda na vibuyu. Mimi niliacha kudhani hivyo tangu Jeptoo aliponisimulia yaliyompata Doha. Na Jeptoo si mtu wa porojo. Ni nesi, mtu wa vipimo na sindano, na kwao na kwetu huko Kapsabet tunapakana ua.

Mwaka ule wa 2012 alikuwa akimuuguza mzee mmoja Mwingereza katika ghorofa moja la mtaa wa Pearl, lenye madirisha yanayotazama mashua za matajiri. Mzee aliishi kwa binti yake, mama wa kazi kubwa na safari nyingi, ambaye wafanyakazi walimwita Madam. Mzee mwenyewe kila mtu alimwita Kamanda, hata walinzi wa mlangoni. Wakati wa vita vya Hitler aliongoza kikosi cha ndege za kuangusha mabomu, na nishani zake zilitundikwa juu ya kitanda. Alishapita miaka tisini. Kazi ya Jeptoo ilikuwa kumgeuza, kumwosha na kumpa dawa. Mdogo wake Cherotich, aliyemtafutia nafasi humo humo, alishika jiko na usafi. Jeptoo alimfunda mapema, kama tunavyofundana sote tunaokula kwa wenye nyumba: "Mzee akiitisha kitu, usimkatalie. Sema tu sawa, sir."

Asubuhi walikula meza moja, maana ndivyo alivyotaka Kamanda: yeye, nesi, mpishi na dereva Athanas, kila mtu na yai lake la kukaanga. Ni tajiri gani wa Doha anayewakalisha wafanyakazi mezani? Walimpenda kwa hilo, maskini. Siku moja Kamanda, hoi kwa mapafu, alimgeukia Athanas akatabasamu.

"Usiporudi leo, nile yai lako?"

Athanas alicheka. Mgonjwa, tena mtu wa rika la babu yako, akitamani kilicho kwenye sahani yako, utamnyima kwa uso gani? Akaisukuma sahani mbele yake. "Kula tu, mzee."

Adhuhuri walimkuta Athanas amekufa ndani ya gari, jua la Agosti likichemsha lami. Hospitali ikasema ni moyo. Lakini Jeptoo aliiona mikono yake kabla haijafunikwa shuka. Vidole vilikuwa vyeusi, vimeungua kwa baridi.

Kabla ya magharibi Kamanda aliketi mwenyewe kitandani, akaomba kioo anyoe ndevu.

"Vitani mayai yalikuwa ya mgao, sista," alisema, wembe ukipita shavuni. "Sisi wa ndege tulipewa moja moja kabla ya kwenda kupiga. Nilikuwa nachagua kijana mmoja mezani, namuuliza: usiporudi, nile yai lako? Kwao ulikuwa utani."

"Wakakupa?"

"Nani anamkatalia mkubwa wake? Aliyenipa hakurudi, yeye na wenzake wote, wamefungwa mikanda ndani ya ndege, kwenye baridi ya huko juu. Mimi nilirudi kila mara. Wakasema naongoza kwa ujasiri, wakanipa hizo nishani." Alinyoosha mkono wenye pengo la vidole viwili. "Mmoja alinikatalia. Alilila mbio mbio mbele yangu, mshenzi yule. Siku hiyo vyuma vya mizinga vilinifanya hivi."

"Na ulikuwa unajua?" Jeptoo alinong'ona.

"Mwanzoni sikujua." Alisuuza wembe. "Halafu nikajua. Kiongozi ni yule anayerudi."

Alisema hayo bila haya wala huzuni, kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali.

Jeptoo alitaka kuondoka na mdogo wake siku ile ile. Lakini Doha ya miaka hiyo hutoki bila saini ya aliyekuleta, na Madam, kwenye simu, alicheka. Baba yake alipenda sana hadithi za vita, alisema. Basi Jeptoo akafanya alichoweza. Hakuna yai tena katika nyumba ile. Asubuhi ni uji na mkate. Akamsimulia Cherotich kila kitu.

"Sasa Jep, mzee wa watu hata kijiko hawezi kushika," Cherotich alimjibu. "Aniloge mimi?"

"Akikuomba yai, mwambie hapana. Niapie."

Cherotich akaapa, ila kwa sauti ya mtu anayembembeleza dada yake aliyechoka na kazi. Na Kamanda akaanza kuisha. Midomo ikawa ya buluu, pumzi ikawa ya kuvuta kwa kamba. Jeptoo alimhudumia vizuri, dawa kwa wakati, huku moyoni akiomba afe. Nasema wazi: aliomba afe, na mimi ningeomba vilevile.

Ijumaa, siku ya ibada huko, akaenda Mesaimeer kanisani bila kula, akampigia Mungu magoti kwa ajili ya jambo hilo hilo. Cherotich akabaki na mgonjwa. Jeptoo aliporudi mchana, Kamanda alikuwa ameketi mezani, kitambaa kifuani. Anatafuna. Kwenye sahani kulikuwa na nusu ya yai.

"Cherotich yuko wapi?"

"Ameshuka kutupa taka. Binti mwema. Nilimlilia kidogo tu, akaenda dukani mwenyewe."

"Yai la nani hilo?"

Kamanda alinyoosha uma achukue lililobaki. Jeptoo akauwahi. Alikamata ile nusu kwa mkono, akaisukuma kinywani, akameza bila kutafuna. Alifikiri nusu ikibaki kwenye damu ya ndugu, itamvuta mdogo wake nyuma. Mtu akifikwa, hushika hata makali ya kisu.

Alikimbia kwenye lifti. Namba zilikuwa zinapanda. Zikafika ghorofa yao. Zikapita. Zikafika ya mwisho. Kioo cha namba kikazima, na lifti ikaendelea kupanda, nyaya zikilia ukutani.

Kisha akasikia ngurumo. Juu. Injini nzito, nyingi, zikija pamoja. Vyombo vikatetemeka jikoni. Jirani mmoja alipita na mbwa wake, akamsalimia Jeptoo kwa kichwa. Hakutazama juu.

Ngurumo ikafifia. Lifti ikarudi. Mlango ukafunguka.

Cherotich alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani, mfuko wa taka mkononi. Kope zake zilikuwa na barafu. Ilianza kuyeyuka mbele ya macho ya dada yake, ikatiririka mashavuni.

Jeptoo alimlaza, akaanza kuubonyeza moyo. Alibonyeza mpaka mbavu zikalia. Alibonyeza mpaka walinzi wakaja, wakasimama, wakavua kofia. Na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba hakuchoka. Kadiri alivyobonyeza, nguvu zilimjaa mikononi, pumzi ikawa nyepesi, njaa ya kanisani ikaisha. Alikuwa ameshiba.

Kamanda alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akamwekea mkono begani.

"Vizuri, sista. Wawili tumerudi."

Mwili ulisafirishwa nyumbani kupitia Eldoret bila Jeptoo. Madam hakutia saini. Baba yake alihitaji nesi, na sasa alikuwa na afya ya kupendeza. Asubuhi ya mazishi mama yao alipiga simu. Wanawake walikuwa wamemaliza kumvisha marehemu.

"Jeptoo, nani alimfunga mtoto wangu?"

"Hakuna aliyemfunga, Mama."

"Ana alama za mikanda. Mabegani, kifuani, mapajani. Mipana, kama ya kumfunga mtu kwenye kiti."

"Labda ni ndani ya sanduku, Mama. Safarini."

 Nyuma ya mama wanawake walikuwa wakinong'onezana.

"Jana tulipomtoa kwenye sanduku hazikuwepo," alisema. "Zimetokea leo, tukiwa tunamtazama. Na zinazidi kukaza."