Mwanatumu Atafuta Lugha ya Somo Yake

Haya nilihadithiwa na Mwanatumu mwenyewe, wa mtaa wa Kuze, mwezi wa Shaaban mwaka wa tisini na nane. Tulikuwa uani kwake, tukichambua mchele wa Ramadhani.

Mwanatumu hupika mahamri ya kuuza. Wanunuzi huja mlangoni asubuhi, kila mtu na bakuli lake. Mumewe, Maalim Kamaludin, husomesha watoto Kurani chuoni. Mwana wao Abdulbasit ana kompyuta katika chumba cha mbele, na huwachapia watu barua. Binti yao Shifa yuko Ujerumani, mji wa Bremen, pamoja na mumewe Jaffar.

Huko Bremen Shifa alizaa mtoto wa kike, akampa jina la nyanyake. Kwa hivyo nyanya ni Mwanatumu, na mjukuu ni Mwanatumu. Kwetu watu wenye jina moja ni masomo. Hawaitani kwa jina. Huitana "Somo", na mapenzi yao huwa mbali na ya wengine.

Lakini Mwanatumu hakuwa amemwona somo yake ila kwa picha. Kila Jumapili baada ya adhuhuri Shifa alipiga simu, kisha akampa mtoto. Mwanatumu alisema, "Somo yangu, hujambo?" Mtoto alisikiliza kidogo. Akasema neno la Kijerumani. Halafu akaweka simu juu ya meza na kwenda zake kucheza.

Mwanatumu hakukata. Alisikiliza vijiko vikigongana. Alisikiliza maji ya mfereji katika nyumba asiyoujua mlango wake.

"Nilijua akiwa na mafua," aliniambia. "Nilijua akivaa viatu na akivua. Lakini alilosema sikulijua."

Siku moja alimuuliza Shifa kwa nini mtoto hajui Kiswahili. Shifa alisema wanatoka kazini wamechoka. Mtoto anatoka shule ya watoto wadogo na Kijerumani chake, nao wanamjibu kwa hicho hicho. Ni rahisi.

Mwanatumu hakugomba. Alisema, "Basi nifundishwe mimi. Nisife sijajibiwa na somo yangu."

Shifa akampa mgeni mmoja aliyekuwa akija kwetu sidii ya kufundishia Kijerumani, kile kisahani kinachong'aa cha kompyuta. Abdulbasit alikitia. Mwanatumu akavaa vidude vya masikioni juu ya leso, na mwanamume na mwanamke wakaanza kuzungumza masikioni mwake.

Abdulbasit alimwonyesha picha, na mahali pa kubonyeza apate maana. Lakini Maalim Kamaludin alikuwa na njia yake. Chuoni mtoto huhifadhi kwanza, akasoma kwa sauti mpaka ulimi ukazoea. Maana hufundishwa akishakua.

"Hifadhi, mke wangu," alisema. "Maana yatakufuata."

Mwanatumu alihifadhi. Alisoma akikanda unga, huku akiyumba kidogo kama watoto wa chuoni. Akatia na mahadhi. Wanunuzi wakaanza kumwita Mjerumani. "Mjerumani, nipe ya moto." Naye alicheka, akawapa. Alimaliza somo la kwanza, la pili, la tatu, na mengine, yote moyoni, bila kukosa neno.

Jumapili ilipofika alikaa karibu na simu, amevaa nguo nzuri, kana kwamba ataonekana. Mtoto alipopewa simu, Mwanatumu alivuta pumzi na kusoma yote, toka mwanzo, kwa mahadhi.

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mamake. Mwanatumu alimsikia Shifa akicheka mpaka akakosa sauti.

"Amesema nini?" aliuliza.

Shifa alijizuia. "Mama, amesema kuna bibi amepotea. Anatafuta stesheni ya gari la moshi, na anataka chumba chenye bafu."

Shifa alicheka tena. Mwanatumu hakucheka. Aliaga vizuri, akaweka simu. Akamwambia Abdulbasit aitoe ile sidii, ampe mtu mwingine. Kwake yeye ilikuwa ulaghai.

Kesho yake asubuhi alikuja Dama kununua mahamri. Dama ni Mgiriama, amepanga Majengo, na hufanya kazi mapokezi katika hoteli ya watalii upande wa Nyali. Alimkuta Mwanatumu amenuna. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akasema haondoki mpaka aambiwe.

Alipoambiwa, naye alicheka, lakini alijicheka mwenyewe.

"Mimi nilisoma sidii kama hiyo hotelini. Nikaimaliza, nikajiona nimefika. Siku hiyo mzee mmoja Mjerumani akanionyesha kichwa chake kwa mkono, anataka mto wa kulalia. Neno hilo halikuwamo. Nikafungua kamusi, nikatafuta mto. Nikamwambia, 'Sawa, bwana, nitakuletea mto chumbani.'"

"Sasa kosa liko wapi?"

"Nilimwahidi mto wa maji, Bi Mwanatumu. Kama Sabaki."

Mwanatumu alishika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu jana yake.

Ndipo Dama akamweleza. Sidii si ulaghai. Inafaa kwa mtu wa nyumbani asiyeweza kwenda darasani. Inakupa sauti sahihi, na haichoki ukiiambia irudie. Lakini haikusikii. Haijibu ulichosema wewe, inajibu ilichopangiwa. Na hiyo yake imetengenezewa wasafiri, ndiyo maana ni stesheni na vyumba tu.

"Ile ni sufuria," alisema Dama. "Chakula utie wewe. Hebu niambie, somo yako angekuwa hapa mkekani, ungemwambia nini?"

Mwanatumu alipangusa unga vidoleni. "Ningemuuliza amekula."

"Basi hilo ndilo somo lako la kwanza."

Dama alimtaka aisikilize sidii kidogo kila siku, si kwa mkupuo. Ashike maneno machache, na ajue maana ya kila moja kabla ya kuendelea. Kisha ayaseme na mtu anayemjibu. Yeye Dama angepita akitoka kazini, wangezungumza huku mahamri yakiiva. Na la mwisho, Shifa naye asikwepe. Mtoto hujifunza lugha kwa anayemlisha na kumwogesha. Wamwogeshe kwa Kiswahili, hata kama wamechoka. Kijerumani cha nje hakitampotea.

"Lakini ulimi wangu mzito, mwanangu," alisema Mwanatumu.

"Mzito wapi? Ile kh ya masalkheri mimi ilinitesa. Kwetu sisi ni heri tu. Wajerumani wanayo hiyo hiyo. Keki wanaiita kukhen. Sema."

"Kukhen."

"Basi. Mimi nilitoka jasho mpaka nikalipata hilo."

Abdulbasit aliirudisha sidii. Maalim Kamaludin alisema kuwa kuhifadhi kuna mahali pake, na kuzungumza kuna mahali pake. Tangu hapo yeye ndiye aliyeulizwa kwa Kijerumani kama amekula. Alijibu kwa Kiswahili, akaambiwa amekosa.

Baada ya wiki chache Mwanatumu alishika simu tena. Mara hii hakusoma. Aliuliza, kwa Kijerumani, "Umekula?"

Halafu sauti ndogo ikasema ndiyo.

"Umekula nini?"

Mtoto akamimina maneno. Mwanatumu alidaka moja tu. "Kukhen?" aliuliza. Mtoto akacheka, akasema kukhen, kukhen. Kisha akauliza jambo refu. Mwanatumu alisema kama alivyofundishwa, "Polepole, tena." Mtoto akarudia neno kwa neno, kama mwalimu wa chuo. Alikuwa anauliza, "Wewe ni nani?"

Alijibu kwa Kiswahili, "Mimi ni Somo."

"Zomo," alisema mtoto.

Mwanatumu aliniambia kuwa alilia pale, lakini kwa kuziba mdomo, asimtishe.

Tangu siku hiyo mtoto hakuiacha simu mezani. Shifa akawa anamwogesha kwa Kiswahili. Jumapili zikapita. Mtoto akaanza kuleta maneno yake: maji, sabuni, basi, sitaki.

Jumapili moja Shifa alisema mtoto amekataa kulala mchana mpaka azungumze na Somo. Yuko kwenye kochi, simu iko sikioni. Mwanatumu alimuuliza amekula nini, amecheza na nani, na nje kuna baridi gani. Kijerumani chake kikaishia hapo.

"Zomo, tena," alisema mtoto.

Mwanatumu hakuwa na tena. Basi akaendelea kwa Kiswahili. Akamweleza jinsi unga unavyokandwa kwa tui, unavyofunikwa kitambaa, unavyoachwa uumuke. Alisema polepole. Mtoto aliitikia mwanzo. Baadaye hakuitikia.

Shifa akachukua simu. "Mama," alinong'ona, "amelala."

Mwanatumu alimwomba asikate kwanza. Shifa akairudisha simu karibu na mtoto. Mwanatumu alisikiliza pumzi zake mpaka akatosheka. Kisha akaweka simu, akajinyoosha pale pale mkekani, akalala.