Alisi Akataa Dawa ya Pamba

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Alisi alipita kwanza kwenye bustani yake nyuma ya nyumba, hapa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Alikuwa na mistari sita ya kabichi, za kula na za kuuza soko la Mpondwe. Jumanne moja alikuta majani yametobolewa kama chujio. Viwavi wa kijani walikuwa wakitafuna bila haraka, kama wenye shamba.

Jioni mumewe, Ezironi, alirudi na chupa ya soda yenye dawa ndani, isiyo na karatasi ya maelezo.

"Hii ni dawa ya pamba," alisema. "Mwenzangu amenipa. Kesho napiga, wadudu yote inakufa."

"Unachanganya na maji kiasi gani?"

"Nitakisia."

"Na tunangoja siku ngapi kabla ya kula?"

Ezironi akaigeuza chupa mkononi.

Alisi alimtazama binti yao, Mackline, mwenye miaka mitatu. Mtoto huyo alizoea kuchuma majani na kuyatafuna mabichi.

"Basi haitaingia," Alisi alisema. "Dawa ya pamba haipigwi kwa chakula ya mtoto wangu."

"Wadudu itamaliza yote! Utauza nini? Mashina?"

"Nitauza mashina. Lakini hiyo chupa haipiti hapa."

Akasimama penye mlango wa bustani, mikono kiunoni. Hakusogea. Ezironi alinung'unika, akairudisha chupa kwa mwenyewe siku ileile.

Kesho yake Alisi alimwendea jirani yake Kahambu, mama aliyetoka upande wa Kongo.

"Kwetu Butembo tunalima mashu, hizi kabichi zenu, milima muzima," Kahambu alisema. "Twende."

Bustanini, Kahambu aligeuza jani. Chini yake palikuwa na mayai madogo ya manjano.

"Mama Mackline, wewe unaangalia juu, na adui iko chini. Finya haya mayai. Ukiyaacha, kisha siku kidogo iko jeshi. Viwavi, okota na mikono, tia mu ndoo ya maji ya savoni, hii sabuni yenu. Asubuhi na jioni, kila siku."

"Na nyigu hawa wanaozunguka majani?" Alisi aliuliza.

"Waache! Hao wanakula viwavi."

Kisha walitwanga konzi mbili za pilipili kali, wakaziloweka katika lita tano za maji hadi kesho yake. Walichuja kwa kitambaa, wakatia kijiko cha sabuni iliyokwanguliwa ili maji yashike kwenye majani.

"Jaribu kwa majani mbili kwanza," Kahambu alionya. "Kama haikuungua, nyunyiza jioni, jua ikipoa. Funika macho. Mutoto akae mbali."

Majani mawili hayakuungua, basi Alisi akanyunyiza mistari yote. Siku ya tatu mvua ilinyesha, ikaosha pilipili yote. Viwavi wakarudi, mstari mmoja ukafa kabisa.

"Nilikuambia," Ezironi alisema.

"Uliniambia. Bado iko mitano," Alisi alijibu, akachukua kinu na kutwanga tena.

Kila asubuhi na jioni aliinama, akageuza jani baada ya jani. Mgongo ulimuuma. Hakuacha. Wiki ya pili viwavi wakapungua. Wiki ya tatu majani mapya yakaanza kujikunja na kufunga vichwa. Asubuhi moja alimkuta Ezironi ameinama bustanini, ndoo ya sabuni mkononi. Hakumcheka.

Kabichi zilipokomaa, siku ya soko, mnunuzi mmoja aligeuza kabichi ya Alisi.

"Hii yako iko na matundu."

"Ndiyo, iko nayo," Alisi alisema kwa sauti ya kusikika. "Mdudu alikula hii na hakufa, mpaka nilipomkamata kwa mkono. Zile zisizo na hata tundu moja, uliza zimepigwa nini."

Yule mnunuzi akacheka, akachukua mbili. Kabla ya adhuhuri kikapu kilikuwa kitupu.

Jioni walikula kabichi iliyooshwa vizuri kwa maji safi. Ezironi alipomaliza, alisogeza sahani yake tena. Alisi akaijaza.