Chemchemi ya Ishoka

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, Anisia na bibi yake Bernadina walishuka korongoni kutafuta maji. Korongo lilikuwa limekauka tangu Juni. Walichimba mchanga kwa mikono, wakasubiri maji yajikusanye, kisha wakayakomba kwa kata mpaka debe lijae. Yalikuwa maji machafu, yenye rangi ya majivu. Siku nyingine Anisia alifika darasani wenzake wameshamaliza hesabu.

Huo ulikuwa mwaka 1975, na kijiji chao cha Mwongozo kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Nyumba zilipangwa mistari minne kando ya barabara ya vumbi iendayo Ushirombo. Watu wote walihamishiwa hapo wakati wa Operesheni Vijiji. Familia ya Anisia ilitoka Ishoka, mwendo wa kutwa nzima upande wa magharibi. Siku walipopakiwa kwenye lori, bibi aligeuka nyuma akaona paa la nyumba yake linafuka moshi. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Ishoka.

Mwezi wa Julai Mwalimu Gregory aliliambia darasa la sita, "Wilaya inataka maelezo ya kila kijiji, jiografia yake na historia yake. Ndugu Otmar, katibu wa kijiji chetu, ameomba tumsaidie. Andikeni kijiji kiko wapi, kina maji gani, na watu wake walitoka wapi. Insha bora ndiyo itakayopelekwa."

Anisia alifungua daftari. Kila alipojaribu kuandika habari za Mwongozo, aliona vumbi tu, na historia yake aliimaliza kwa neno moja: tulihamishwa. Aliona aibu. Basi akaandika habari za Ishoka. Akaeleza migomba ya babu yake, njia ya kwenda kanisani, na chemchemi iliyotoka chini ya jabali, ambayo haikukauka hata mwaka wa njaa. Aliandika kwa raha, kama mtu aliyerudi nyumbani. Juu ya ukurasa akaandika: Kijiji cha Mwongozo.

Siku ya kukusanya insha Mwalimu Gregory alikuwa semina Kahama. Ndugu Otmar alikuja mwenyewe, mbio mbio, maana basi lilikuwa linangoja barabarani. Alifunua daftari moja baada ya jingine, akavutiwa na hati ya Anisia, akachana kurasa na kuzigonga muhuri bila kuzisoma.

"Hongera, binti," alisema.

Anisia alitaka kusema, lakini wenzake walikuwa wanampigia makofi. Akarudi kukaa.

Jibu la wilaya lilikuja Septemba, likasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Mashine ya kuchimba visima ingekwenda kwenye vijiji visivyo na maji. Mwongozo, kwa kuwa kina chemchemi ya kudumu, hakikuingizwa katika orodha.

Watu walitazamana. Mzee Mageni, jirani yao, alisimama. "Chemchemi? Iko wapi? Tuonyesheni na sisi tukanywe!"

Hakuna aliyecheka. Anisia aliinamisha kichwa.

Wiki ile ile watoto wadogo walianza kuhara. Donatus, mdogo wake Anisia, alibebwa kwa baiskeli hadi zahanati ya misheni. Alirudi baada ya siku tisa, miguu imekonda kama vijiti. Mtoto wa mwisho wa Mageni alipelekwa siku moja naye. Huyo hakurudi.

Baada ya mazishi Anisia alimfuata bibi jikoni. "Bibi, chemchemi ile niliiandika mimi. Niliandika habari za Ishoka."

Bibi aliacha kuchochea moto. "Uliandika nini? Nisomee."

Anisia aliyasema maneno yote kwa moyo. Alipofika kwenye jabali, bibi alikuwa analia.

"Umeikumbuka vizuri," alisema bibi. "Lakini Ishoka hakuna mtu tena, mjukuu wangu. Wenye kiu tuko hapa. Simama, twende kwa mwalimu."

Walimkuta Mwalimu Gregory pamoja na Ndugu Otmar. Anisia aliwaamkia, akaeleza kila kitu. 

"Muhuri niligonga mimi," alisema Ndugu Otmar. "Kosa si la mtoto peke yake."

Kesho yake darasa lote lilianza upya. Walihesabu hatua toka nyumba ya mwisho mpaka korongoni: elfu nne na mia tatu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu walikotoka, na wazee waliokuwa kimya mwaka mzima wakasema. Waliandika pia makaburi: kumi na moja, saba ya watoto. Mwalimu alisoma kila mstari, Ndugu Otmar akausoma tena, ndipo barua ikaondoka.

Bwana wa maji wa wilaya alifika Novemba. Alitembea korongoni, akapima, akapigilia kigingi cha mti mahali pamoja. "Mwaka huu mashine ina kazi kwingine," alisema. "Mwakani, baada ya mvua."

Familia tatu hazikuweza kungoja. Zilifunga mizigo zikaondoka.

Kisima kilichimbwa Agosti iliyofuata. Siku maji yalipotoka watu hawakushangilia sana. Walipanga foleni tu. Anisia alijikuta nyuma ya Mzee Mageni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba unisamehe. Ile insha..."

"Najua. Bibi yako aliniambia siku nyingi." Mageni alitazama mbele. "Hata ungeandika kweli, pengine mashine isingemwahi mwanangu. Sijui, na wewe hutajua. Sitakuambia kwamba haikuwa kitu. Ila nisikilize. Ukiulizwa tuna nini, sema. Ukiulizwa tumekosa nini, sema pia, hata ukiona aibu. Yule wa wilayani hakutuona. Aliona karatasi yako tu."

"Nimesikia, baba," Anisia alijibu. Mageni alimwekea mkono begani, wakasogea pamoja mbele.