Mbwa Walipofika Kisiwani

"Uko wapi, Mwau? Kanisani nimekuwekea kiti."

"Homa imenilaza, mpenzi. Niombee."

Mbithe alisoma hiyo meseji kwa simu yake, akiwa amesimama nyuma ya Mwau. Mwau alikuwa amechuchumaa kando ya bwawa, pampu inanguruma, mpira umezama kwa maji.

"Pole kwa homa."

Mwau aliruka, nusura aanguke kwa matope.

"Mbithe! Si uko kanisani?"

"Na wewe si uko kitandani?"

Mwaka huu mvua ilikataa kabisa huku Nuu. Kamati ya bwawa, chini ya mzee Kimeu babake Mbithe, ilifunga pampu zote. Maji ibaki ya mifugo, na ya kile kisiwa kidogo katikati, mahali ndege weupe hutaga na wageni hutoka Mwingi kuwaona kwa mashua ya Mbithe. Lakini maji ilizidi kushuka mpaka njia kavu ikatokea hadi kisiwani. Jana mbwa walipita hapo. Mbithe aliokota vifaranga, vingine bado vinapumua.

"Jana ulinipangusa machozi, Mwau. Ukaniambia ni jua limekunywa maji."

"Ni shamba la nyanya la babako."

"Baba yangu?"

"Aliniita mwenyewe. Ntheo ni Jumamosi, Mbithe. Mbuzi zangu zikichinjwa kwenu ndio utaitwa bibi yangu. Sasa nitamwambiaje mzee hapana kabla ya hiyo siku?"

"Kwa hivyo siku akikuambia unipige, utasema ndio?"

Mwau alinyoosha mkono, akazima pampu.

Mzee Kimeu akatoka kwa shamba la nyanya, jembe begani. Alimwona binti yake, akasita. Halafu akajifanya hajamwona.

"Mwau, mbona kimya? Huku chini bado ni kukavu."

"Imetosha, baba."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Ukitoa huo mpira, mbuzi zako usilete kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mwau aliingia kwa matope mpaka magotini, akaanza kuvuta. Mpira ulikuwa umejaa maji, haukusonga.

Mbithe alivua viatu vya kanisa. Akakunja rinda, akaingia.

"Mbithe! Toka hapo!"

"Ni mzito, baba. Hawezi peke yake."

Mzee aliangalia nyanya zake. Akaangalia kisiwa, kimya, hakuna hata ndege mmoja. Polepole akashusha jembe.

"Mbuzi zije Jumamosi," alisema mwishowe. "Lakini kesho kwa kamati, ni mimi nitakubali kosa. Si Mwau."