Kofia ya Mdoli

Mvua ya Kericho haipigi hodi. Jumamosi ile ilishuka ghafla juu ya soko la mitumba, na kila mtu akakimbilia turubai iliyokuwa karibu. Kepher Oketch, mchochea boila wa kiwanda cha chai, alijikuta katikati ya rundo la nguo za watoto, ovaroli yake ya buluu ikichuruzika maji, akitazamana na msichana aliyevaa sweta la manjano na aproni ya mifuko miwili.

"Unanunua ama unakauka?" msichana akauliza.

"Nanunua," Kepher akajibu haraka, akashika kitu cha kwanza alichokiona: kofia nyekundu ya kufumwa, ndogo kama kikombe. "Hii. Ya mtoto wa dada yangu."

"Ako na miaka ngapi?"

"Mbili."

Msichana alicheka mpaka akashika nguzo. "Bosi, hiyo ni ya mdoli! Iliingia kwa beli kimakosa. Hakuna mtu duniani ataivaa."

"Wewe nifungie tu. Ikikataa nitairudisha. Niulizie nani?"

"Chepkirui. Na hapa vitu hazirudishwi."

Jumamosi iliyofuata akaja kuirudisha. Akakataliwa. Akaja tena, na tena, viatu vimepakwa rangi, nywele zimechanwa, kofia mfukoni.

"Kwani hiyo kofia iko na miguu?" Chepkirui alimuuliza siku moja.

"Inakupenda. Mimi naisindikiza tu."

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, Kepher ndiye aliyekuwa akimbebea marobota yake kila jioni, na mwaka mmoja baadaye walikuwa wakiishi chumba kimoja nyuma ya soko. Hapo ndipo palipokuwa na dosari. Kepher alikuwa mtu wa maombi, hakuanza zamu bila kuinamisha kichwa, na alijua vizuri kwamba hajaenda Boito kuwaona wazazi wa Chepkirui. Mama yake Chepkirui, Phyllis, aliongoza akina mama wa kanisa lao, na ilisemekana akikutazama mara moja unakumbuka dhambi za darasa la nne. Kepher aliogopa. Kila mwezi aliomba apewe ujasiri, na kila mwezi akaahirisha.

"Kepher, hiyo maombi ilijibiwa kitambo," Chepkirui alimwambia. "Mungu anangoja tu uvae viatu."

Lakini mtoto hakungoja mtu avae viatu. Alikuja wiki tisa kabla ya siku zake, asubuhi ya mvua, akiwa na uzito wa kilo moja na gramu mia tatu. Msichana. Sista Bilhah wa chumba cha watoto wachanga alitafuta kofia ndani ya sanduku la wodi, na kila aliyoijaribu ilimfunika mtoto mpaka kidevuni. Kepher akatia mkono mfukoni mwa ovaroli. Kofia nyekundu ilimkaa yule mtoto kana kwamba fundi alimpima.

"Si ulisema hakuna mtu duniani?" akamnong'oneza Chepkirui.

"Alikuwa hajafika," Chepkirui akajibu, akicheka na kulia kwa pamoja.

Siku thelathini na tisa zilizofuata zilikuwa za gramu. Gramu ishirini, shangwe. Gramu kumi zikipungua, kimya. Sista Bilhah alimfundisha Kepher kukaa kifua wazi kwenye kiti cha plastiki, mtoto akiwa amefungwa ngozi kwa ngozi kwa leso, kama kangaruu. Mwanzoni Kepher aliona haya mbele ya akina mama wengine. Baadaye wakawa wanamngojea.

"Boila imefika!" walisema akiingia. "Mtoto alikuwa anashikwa na baridi!"

Naye alikaa saa mbili bila kujikuna, akimwimbia mtoto nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, huku Chepkirui akilala usingizi wa dakika chache ubavuni pake.

Jumatano mizani ikasoma kilo mbili kamili. "Ijumaa mnaenda nyumbani," Sista Bilhah akatangaza, na wodi nzima ikapiga makofi.

Alhamisi asubuhi simu ya Kepher ililia kazini. Boila ilikuwa ikinguruma nyuma yake kama lori mlimani. Alikuwa ni Phyllis. Hakuwahi kumpigia hata siku moja.

"Kepher, sikia. Kesho nakuja hosbitali na Mzee. Siwezi ngoja tena. Nataka ntoa."

"Mama?"

"Mtoto asiingie kwa hiyo nyumba yenu hivi hivi. Ni ntoa kwanza!"

Simu ikakatika. Kepher alibaki ameshika chepe. Alichosikia ni: nimtoe. Mtoto asiingie kwa nyumba yenu, nimtoe kwanza. Moto ulikuwa mbele yake lakini mikono yake ilikuwa ya baridi.

Saa nane aliingia wodini bila hata kusalimia wale akina mama. Chepkirui, kitambaa cha maua kichwani, alikuwa akimfunga mtoto. Alimtazama Kepher kwa tabasamu la aibu.

"Mama amekupigia?"

"Amenipigia. Na jibu langu ni hapana."

Tabasamu likazimika. "Hapana? Bila hata kufikiria?"

"Nifikirie nini? Kwani wewe ulijua?"

"Mimi ndiye nilimwomba aongee na wewe, Kepher. Kwa sababu wewe unaogopa."

"Wewe? Wewe ndiye ulimtuma?"

"Ni vibaya mimi kutaka?"

"Ni vibaya sana! Baada ya siku zote hizi kwa hiki kiti?"

Machozi yalimtoka Chepkirui, yakadondoka juu ya leso ya mtoto. "Basi nenda," akasema mwishowe. "Kesho nitatoka na mama."

Akageukia ukuta. Kepher alipompigia jioni, simu ilikuwa imezimwa.

Alfajiri ya Ijumaa, kabla ya kuomba ruhusa kazini, Kepher alipiga magoti nyuma ya rundo la kuni. Hakuomba maneno marefu. "Bwana, miaka miwili nimekuomba ujasiri, na kila ukinipa, naurudisha kama ile kofia. Leo sirudishi. Kama wanaenda Boito, nami nitaenda Boito. Usinitenge nao."

Akarudi chumbani. Akavaa suti yake ya kijivu ya pekee, akafunga tai, akavaa viatu. Akajaza begi nguo zake.

Wodini aliwakuta wote. Phyllis, mrefu, gauni la zambarau na kilemba cheupe, ameshika kibuyu cha mursik, maziwa ya heshima ya Wakipsigis. Kando yake mumewe Hezekiah, koti la mvua mkononi, ametulia. Chepkirui hakuinua macho.

"Chamgei," Kepher akasalimia kwa Kikipsigis. Akaweka begi chini. "Mama, Baba. Kosa ni langu, ningekuja kwenu zamani. Kama ni kumtoa mtoto, mtoe. Lakini tutoe sisi watatu. Naenda na wao Boito. Nitalala hata na ng'ombe."

Phyllis akalitazama begi, akamtazama Kepher.

"Kumtoa nani?" Phyllis akauliza.

"Mtoto. Ulisema unataka kumtoa. Asiingie kwangu."

"Mimi?" Phyllis akampa Hezekiah kibuyu. "Nilisema ntoa! Ntoa! Ya kanisa! Ya bete!" Akainua kidole chake chenye pete, akakitingisha mbele ya uso wa Kepher. "Ntoa!"

"Ndoa?" Kepher akasema.

"Si ndiyo nasema?"

Sista Bilhah alilazimika kukaa kitandani kwa kicheko. Chepkirui alikuwa ameinua macho sasa, makubwa, yenye unyevunyevu. "Kepher. Jana ulikuwa unakataa nini?"

"Nilikataa mchukuliwe. Wewe ulifikiri nakataa nini?"

"Kunioa!"

"Miaka thelathini na mbili," Hezekiah akamwambia Kepher taratibu, "mimi pia nasikia nusu."

"Wacha, Mzee!" Phyllis akafoka, ingawa mabega yake yalikuwa yakicheka. "Na huyu akisema 'samba', mimi nasikia shamba. Siulizi!"

Kepher akafungua vifungo vya shati, kama alivyofanya siku thelathini na tisa, akampokea mtoto kifuani. Kisha akamgeukia Chepkirui.

"Ningepiga magoti, lakini ataamka."

"Piga tu. Huyo amezoea boila."

Akapiga magoti palepale kati ya vitanda, suti na vyote, mkono mmoja ukimshikilia mtoto. "Chepkirui, nioe... hapana, nikuoe. Kanisani. Mbele ya mama yako, nikiogopa hivi hivi."

"Ndio," akasema Chepkirui. "Na uandike, kabla mtu asikie vibaya."

Akina mama wa wodi walipiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia.

Sista Bilhah akachukua fomu ya kutoka. "Jina la mtoto?"

"Cherop," akasema Phyllis. "Alizaliwa na mvua."

"Mama yangu Syprose naye anasema Akoth," Kepher akasema kwa woga. "Kwetu Wajaluo pia ni wa mvua."

Phyllis akafikiri. "Basi ni mvua moja. Andika yote." Kisha akamnyooshea Kepher kidole. "Nimeona mtoto anataka kifua ya baba. Tutaenda kwenu. Lakini mimi nitakaa na nyinyi mpaka siku ya kanisa. Na nitalala katikati!"

Ilibaki kumvalisha mtoto. Chepkirui alichukua kofia nyekundu, iliyokaa bila kuvaliwa wiki mbili, akaivuta upande huu, akaivuta upande ule. Ilifika juu ya masikio, ikagoma. Akaivuta tena. Ikaruka kama kizibo, ikaanguka mikononi mwa Kepher.

Chepkirui akafunika mdomo. Wote wawili waliitazama ile kofia, kisha wakatazama kichwa cha binti yao, kichwa kikubwa, kizuri, cha mtoto wa kilo mbili.

"Bosi," akasema, machozi yakimjaa, "hii haitoshi mtu."

"Basi nitairudisha Jumamosi."

"Hapa vitu hazirudishwi, mpenzi."

Kepher akaitia mfukoni. Nje mvua ilikuwa imeanza bila kupiga hodi, na Hezekiah akakunjua koti lake, akawafunika wote watatu.