Tunu Afagia Tanuru la Kale

Tunu aliamka mapema, akasali, akachemsha chai, kisha akashika ufagio. Leo wageni kutoka makumbusho wangekuja kijijini Masaki kupiga picha shambani kwake. Apokee wageni kwenye uchafu? Thubutu!

Kati ya mihogo yake palikuwa na mahali ambapo wahunzi wa kale waliyeyushia chuma. Magae na mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito, yalitapakaa chini. Tunu aliyaokota, akayaosha, akayarundika pembeni. Akafagia mpaka ardhi ikatakata.

Alifanya hayo kwa ajili ya baba yake pia. Mzee Abeid alikuwa mgonjwa, akitunzwa Visiga kwa kaka yake Tunu. Miguu ilikwisha kumkatalia. "Shamba letu nitaliona tena kabla sijafa?" aliuliza kila mara. Na picha hizo zingeonyeshwa kwenye makumbusho, Kibaha, karibu na Visiga; huko mzee angeweza kubebwa akalione shamba.

Stellamaris, mtaalamu wa mambo ya kale, alifika na kamera yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Stellamaris aliliona rundo, akalisogelea. "Nani ameokota vitu hivi?"

"Mimi. Nimewasafishia."

"Kosa ni letu, mama. Tulipaswa kukuambia mapema. Mahali kitu kilipolala ndipo penye habari. Jiwe likilala karibu na tanuru, tunajua kazi ilifanyikaje. Likishahamishwa, linabaki jiwe tu."

Tunu aligeukia rundo lake. Maji yakimwagika hayazoleki. "Basi baba hatapaona! Nimemharibia kwa mikono yangu!"

"Umefagia hadi wapi?"

"Hadi kwenye mikorosho. Kule majani ni mengi, nilichoka."

"Twende!"

Chini ya majani, magae yalilala vilevile yalivyoachwa na wahunzi. Kamera ilipiga pande zote, taratibu. Kisha Tunu alionyesha alikookota yale mengine, kadiri alivyokumbuka.

"Tutawaambia watazamaji ukweli," alisema Stellamaris. "Hapa pamefagiwa, pale hapajaguswa. Na simulizi ya wahunzi utoe wewe, kama ulivyoisikia kwa baba."

Siku hizi jembe la jirani likigonga gae, Tunu hupiga kelele: "Liache hapohapo! Tuwaite wataalamu kwanza!"

Lakini wakati ule picha zikitengenezwa, Tunu hakupata usingizi. Mzee alikuwa hawezi tena kula chochote ila uji. Je, angewahi?

Siku ikafika. Hamidu, kaka yake Tunu, alimbeba mzee hadi ndani ya makumbusho.

"Mkalisheni," alisema Stellamaris. "Akivaa miwani hii bila kuegemea atapata kizunguzungu."

Akamvisha miwani ya uhalisia pepe, inayofunika macho yote. Ukigeuza kichwa unaona upande mwingine, kama vile uko palepale. Tanuru lililochorwa kwa kompyuta likawaka kati ya mihogo, na sauti ya Tunu ikaanza kusimulia.

Mzee aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kisha akatulia kabisa. Tunu akaingiwa na hofu.

"Baba, umechoka? Tukuvue?"

Mzee akausukuma mkono wake.

"Niache, mwanangu. Ndiyo kwanza nafika."